Mchoraji na Hazina ya Mji

Anayezitazama picha za Jan van der Heyden, aliyezaliwa mwaka 1637, hustaajabia subira ya mkono uliozichora nyumba za Amsterdam tofali kwa tofali. Lakini wenyeji wa zama zake walimjua zaidi kwa fanusi na mabomba, ambayo yasingetoka nje ya karakana yake lau Baraza la mji lisingekubali kuyanunua.

Mji huo umekatwakatwa na mifereji, na usiku wa kiza watu walikuwa wakitumbukia majini na kufa, huku wezi wakijichumia riziki. Mchoraji huyu alilipelekea Baraza shauri la kuuangaza mji mzima kwa gharama ya hazina, akiisha kubuni fanusi ambayo hewa yake hupita kwa namna ambayo masizi hayatandi kiooni wala upepo hauzimi utambi. Baraza likaridhia mwaka 1669, likaagiza zaidi ya fanusi 1,000, kisha, na hii ndiyo busara yake hasa, likamteua mbunifu mwenyewe kuwa msimamizi wa taa kwa mshahara, hata kila taa iliyozimika ikawa fedheha yake. Mwenye kuuza kisha akaenda zake hana sababu ya kuirekebisha bidhaa.

Mambo yakawa yale yale katika moto. Mashine za kale zilirusha maji kwa mdomo uliokazwa juu ya mashine yenyewe, yakaishia kulowesha kuta za nje. Mwaka 1672 yeye na nduguye Nicolaes walitoa bomba la ngozi iliyoshonwa, vipande vikiungwa kwa shaba, hata mzimaji akaweza kupanda nalo ngazi mpaka chumba kinachoungua. Mwaka uliofuata wakawa wakuu wa zimamoto.

Mkaguzi wa hesabu wa leo asingenyamaza akimwona mkuu akinunua kutoka karakana yake mwenyewe, nami simlaumu mkaguzi huyo. Hata kitabu ambacho Van der Heyden alichapisha na mwanawe mwaka 1690, kikilinganisha hasara za moto wakati wa mashine za kale na wakati wa mashine zake, ni ushahidi wa mfanyabiashara juu ya mali yake.

Walakini miji mingine haikungoja ushahidi wake: Berlin iliiga taa zake mwaka 1682, na Amsterdam yenyewe ikaendelea kuziwasha hadi mwaka 1840.