Mwalimu Aliyefungiwa Uwanja

Sisi tunaosoma Marekani hatuwezi kuukwepa mpira wa kikapu. Ukifika mwezi Machi chuo kizima huzungumza habari za mashindano, na hata wale tuliokulia kwenye soka tupu hujikuta tunabishana kuhusu wachezaji ambao mwaka jana hatukuwajua. Mabishano yetu huwa ya urefu, pointi na mishahara. Ni nadra mtu kuuliza: huyu kijana alifundishwa na nani? Katika makala haya tunataka kuuliza swali hilo, kwa kupitia maisha ya kocha mmoja, John McLendon. Tunamchagua kwa sababu historia yake inaonyesha wazi kwamba mchezaji kijana hakui kwa kipaji peke yake. Anahitaji mwalimu, na anahitaji mlango ulio wazi.

Tuanze mwanzo kabisa, kwa kuwa mpira wa kikapu una bahati ambayo michezo mingi haina: tunajua ulivyozaliwa na aliyeuzaa. Mwezi Desemba 1891, katika chuo cha YMCA mjini Springfield, Massachusetts, mwalimu Mkanada aliyeitwa James Naismith alikabidhiwa darasa la vijana 18 walioshindikana. Majira ya baridi yaliwazuia kucheza nje, na mazoezi ya viungo ya ndani yalikuwa yamewachosha. Mkuu wake, Luther Gulick, alimpa siku 14 abuni mchezo mpya. Naismith alitundika vikapu viwili vya matunda kwenye roshani ya ukumbi, futi 10 kutoka sakafuni, akaandika kanuni 13, kisha akawapa mpira wa soka. Mechi ya kwanza iliisha kwa bao moja kwa bila.

Kwa hiyo mchezo huu ulizaliwa darasani. Mwalimu aliutunga ili awatulize vijana, awajenge miili, na awazoeze kushindana bila kuumizana. Ndiyo maana kanuni zake za kwanza zilikataza kukimbia na mpira mkononi na kusukumana. Wahitimu wa YMCA waliusambaza haraka, kila mmoja akaufundisha alikokwenda. Mwaka 1892 mwalimu Senda Berenson aliuanzisha kwa wanafunzi wa kike katika chuo cha Smith, karibu na Springfield. Mwaka 1904 Edwin Henderson, mwalimu mweusi wa mazoezi ya viungo aliyejifunza mchezo huo Harvard wakati wa likizo ya kiangazi, aliupeleka kwa watoto weusi wa shule za Washington.

Naismith mwenyewe alihamia Chuo Kikuu cha Kansas mwaka 1898. Huko aliongoza timu mpaka 1907, akashinda mechi 55 na kupoteza 60. Mpaka leo ni yeye peke yake, kati ya makocha wote wa Kansas, aliyeshindwa mara nyingi kuliko alivyoshinda. Jambo hilo halikumkosesha usingizi. Alijiona mwalimu wa vijana kwanza. Mengine yalifuata baadaye.

Mwaka 1933 aliingia Kansas kijana mweusi kutoka mji wa Kansas City, John McLendon, aliyekuwa na umri wa miaka 18. Alitaka kuwa kocha. Baba yake alikuwa amemwelekeza amtafute Dakta Naismith na kumwambia kwamba ndiye atakayekuwa mshauri wake wa masomo. Kijana akafanya hivyo, na mzee yule, ambaye sasa alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 70, akamkubali. Lakini timu ya chuo haikuwapokea weusi. McLendon aliruhusiwa kusoma nadharia ya mchezo kwa mtu aliyeubuni, ila hakuruhusiwa kuucheza akiwa amevaa jezi ya chuo chake. Hata bwawa la kuogelea lilikuwa la wazungu tu, mpaka McLendon alipopigania haki ya kuingia.

Hapa ndipo tunapoona uzito wa mwalimu. Naismith hakuweza kuuvunja ubaguzi wa chuo kizima, lakini hakumnyima kijana huyu elimu. Alimfundisha, akamsimamia, akamsaidia kupata nafasi ya kufanyia mazoezi ya ualimu. McLendon alihitimu mwaka 1936, akachukua shahada ya uzamili Iowa, na mwaka 1937 akaenda Durham, North Carolina, kwenye chuo cha weusi ambacho leo kinaitwa North Carolina Central University. Mwaka 1940 akawa kocha mkuu.

Katika zama zile timu nyingi zilicheza polepole. Wachezaji walitembeza mpira, wakapanga safu, kisha wakatafuta nafasi ya kutupa. McLendon aliwafundisha vijana wake kukimbia. Wakiupata mpira, wanashambulia kabla wapinzani hawajajipanga. Wakiupoteza, wanakaba palepale, uwanja mzima, bila kurudi nyuma kusubiri. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba mbegu ya mawazo hayo aliipata kwa Naismith. Mchezo wa namna hiyo unadai pumzi, kwa hiyo mazoezi yake yalikuwa magumu, na mchezaji aliyekuja na kipaji bila nidhamu hakudumu. Mashabiki wa leo wanaofurahia mashambulizi ya kasi wanakula matunda ya kazi ile, ingawa wengi hawajawahi kulisikia jina la McLendon.

Sheria za ubaguzi ziliwazuia vijana hawa kupimana nguvu na timu za wazungu. Mjini Durham palikuwa pia na chuo kikuu cha Duke, na wakati wa Vita Kuu ya Pili shule yake ya udaktari ilikuwa na timu kali ya wanafunzi waliowahi kuchezea vyuo mbalimbali. Vyuo hivyo viwili vilikuwa katika mji mmoja, lakini ni kama vilikuwa nchi mbili. Hatimaye ukapangwa mchezo wa siri.

Ilikuwa Jumapili, Machi 12, 1944, asubuhi, saa ambazo watu wengi wa Durham wako kanisani. Wachezaji wa Duke walifika kwa magari, wakaingia ukumbini wakiwa wamejifunika makoti vichwani. Mlango ukafungwa kwa ufunguo. Hapakuwa na watazamaji. Mwanzoni pande zote mbili zilikosea kwa woga, kwa kuwa wengi wao hawakuwahi kugusana bega na mtu wa rangi nyingine katika mchezo. Kisha vijana wa McLendon wakaanza kukimbia, na mchezo ukaisha kwa pointi 88 kwa 44. Baada ya mapumziko walifanya jambo la hatari zaidi: walichanganya timu, weusi na weupe upande mmoja, wakacheza tena.

Tusidhani kwamba siri ile ilikuwa mzaha wa wanafunzi. Mwezi Julai mwaka uleule, mjini humohumo, dereva wa basi alimpiga risasi na kumuua askari mweusi, Booker T. Spicely, baada ya kubishana kuhusu kiti. Dereva alishtakiwa, akaachiwa huru. McLendon alijua hatari aliyowatia vijana wake, na walioujua mchezo ule walifunga midomo. Umma haukuujua mpaka mwaka 1996, mwanahistoria Scott Ellsworth alipoandika habari zake. Miaka 52 ilikuwa imepita.

McLendon aliendelea kufundisha. Alipohamia chuo cha Tennessee A&I mjini Nashville, timu yake ilitwaa ubingwa wa taifa wa NAIA, chama cha vyuo vidogo, mara tatu mfululizo: 1957, 1958 na 1959. Nyota wa kikosi kile, Dick Barnett, alikuja kuchukua ubingwa wa NBA mara mbili na New York Knicks, kisha akarudi darasani mpaka akapata shahada ya udaktari katika elimu. Mwaka 1961 McLendon akapewa timu ya kulipwa, Cleveland Pipers. Mwaka 1979 aliingizwa katika Jumba la Heshima la mpira wa kikapu huko Springfield, lakini kama mchangiaji wa mchezo. Kama kocha aliingizwa mwaka 2016, miaka 17 baada ya kufariki.

Kwa nini habari hizi ziwahusu Waswahili wa chuoni? Kwa sababu vijana wa kwetu nao wamo katika mchezo huu, na swali la mwalimu linawafuata. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam aliteuliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, na akawa Mtanzania wa kwanza kucheza ligi hiyo. Tulijivuna, na tulikuwa na haki. Lakini Thabeet alianza mchezo akiwa kijana wa miaka kama 15, huku wenzake wa Marekani wakiwa wameudunda mpira tangu chekechea. Katika msimu wake wa kwanza tu alipelekwa kwenye ligi ya chini kwenda kujinoa, na NBA haikumwona tena baada ya 2014. Wengine walimcheka. Sisi tunaona kwamba alipewa miaka michache kujifunza kazi ambayo wenzake waliisomea utoto mzima. Samaki mkunje angali mbichi, wahenga walisema, na samaki huyu alikunjwa akiwa amekwisha anza kukauka.

Bismack Biyombo wa Lubumbashi alipata mkondo mwingine. Kocha Mario Palma alimwona akicheza katika mashindano ya vijana nchini Yemen, akamsaidia kufika Hispania, ambako alilelewa kimchezo. Mwaka 2011 akachaguliwa wa saba. Miaka kumi baadaye Jonathan Kuminga wa Goma, aliyekuja Marekani akiwa bado mvulana, naye akachaguliwa wa saba. Miji yote hiyo miwili inazungumza Kiswahili. Lakini ukiwatazama wote watatu, utaona kwamba sehemu kubwa ya mafunzo yao waliipata baada ya kuvuka mipaka. Urefu na nguvu walivitoa nyumbani. Walimu na viwanja walivikuta ugenini.

Ubaguzi uliomfungia McLendon si sawa na uhaba wa viwanja na makocha unaowafungia watoto wa kwetu, na hatutaki kuvichanganya. Hata hivyo, matokeo kwa mtoto yanafanana: kipaji kinabaki nje ya mlango. Wanaotafuta vipaji Afrika mara nyingi hutafuta warefu. Mtoto mfupi mwenye akili ya mchezo, ambaye pengine ndiye kocha wa kesho, hana anayemtazama. Na bila makocha wa nyumbani, hata huyo mrefu atachelewa.

Karibu nasi hapa, katika miji mingi ya Marekani, wapo watoto wa familia zilizokimbia vita Kongo. Wanazungumza Kiswahili na jioni wanacheza kwenye viwanja vya mitaa bila mwalimu. Katika klabu yetu wapo waliocheza sekondari, na wapo wanaosomea ualimu na afya ya michezo. Saa mbili za Jumamosi, mipira michache na lugha ambayo mtoto anaielewa vinatosha kuanzia. Naismith alianza na vikapu viwili vya matunda.