Uzushi

Mwambie muuza asali wa Tabora kwamba asali yake imetiwa sukari, atakujibu papo hapo: "Uzushi huo!" Kwa neno hilohilo shehe hufasiri bidaa, na padri humtaja Nestorius. Kiini chake ni zua, kuibua jambo ambalo halikuwapo. Ndugu yake ni zuka.

Nestorius alikuwa Patriaki wa Konstantinopoli tangu 428. Alikataa Bikira Maria kuitwa Mama wa Mungu. Aliona Mama wa Kristo yatosha. Mtaguso wa Efeso, 431, ukamvua cheo, naye akafia uhamishoni Misri.

Mapadri Weupe walioingia Tabora mwaka 1878, kwa njia ya misafara kutoka Bagamoyo, walikuja na hukumu hiyo ndani ya sala zao. Lakini sikiliza litania ya Bikira Maria ikisaliwa kwa Kiswahili: Mama wa Kristo imo, na watu wanaiitikia kwa moyo wote. Kosa la Nestorius halikuwa jina alilolipenda, ila lile alilolikataa. Ndiyo maana naona uzushi ni neno lisilomkaa sawasawa. Anayezua huongeza, huyu alipunguza.