Spika Ndogo, Baraza Dogo

Mwaka 1966 kampuni ya Matsushita ya Japani ilianzisha kiwanda Dar es Salaam, kikatengeneza betri na redio za National. Sehemu kubwa ya redio za zama hizo ilikuwa ya spika. Spika hutoa sauti kwa kusukuma hewa. Ikiwa pana, hata aliyekaa uani husikia.

Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" ilitegemea jambo hilo. Watu wapatao milioni 2 nchini walikaa kwa vikundi, wakasikiliza kipindi pamoja, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo.

Baadaye zikaja simu ambazo kioo chake husukumwa, vitufe vikajitokeza. Kioo kinachoteleza hula nafasi, hivyo mafundi wakabanwa. Mwaka 2007 Nokia N95 ilitoka na spika mbili ubavuni. Ulikuwa ufundi wa kusifiwa, lakini spika iliyo ndogo kama ukucha haisukumi hewa nyingi. Sauti huwa kali, besi haipo.

Leo hapa Mshangano mtu husikiliza taarifa ya habari kwenye simu yake, na jirani huuliza: "Wamesemaje?" Redio imeingia mfukoni, nayo ni faida. Hasara ni kwamba habari ya bei ya mahindi au ya chanjo humfikia mmoja mmoja, na mjadala haupo.

Basi, ndugu zangu, ukisikia jambo linalowahusu wote, usiliache mfukoni. Mweleze jirani.