JSConf EU: Hotuba 3 zilizobadilisha tovuti unazotumia

JSConf EU lilikuwa kongamano la JavaScript lililofanyika Berlin, Ujerumani, kati ya 2009 na 2019. Baadhi ya yaliyosemwa jukwaani pale yapo kwenye simu yako hadi leo.

Ryan Dahl, 2009

Novemba mwaka huo Dahl aliitambulisha Node.js, inayoiwezesha JavaScript kufanya kazi kwenye seva, siyo kwenye kivinjari tu. Alipomaliza, ukumbi ulisimama kumpigia makofi.

Pete Hunt, 2013

React ya Facebook ilipotangazwa Marekani Mei 2013, wengi waliiponda. Iweje HTML ichanganywe na JavaScript? Hunt, mmoja wa wahandisi wake, alikwenda Berlin kuitetea hoja kwa hoja. Leo ni kati ya zana zinazotumika zaidi kutengeneza tovuti.

Ryan Dahl tena, 2018

Dahl alirudi Juni 2018, safari hii kutaja mambo anayojutia kuhusu Node.js. Mojawapo ni usalama: programu ikishawashwa, inaweza kusoma mafaili yako na kutuma data mtandaoni bila kuomba ruhusa. Ukipakua kifurushi chenye nia mbaya, imekula kwako.

Hapohapo akaitambulisha Deno, inayozuia hayo mpaka uruhusu mwenyewe. Toleo la 1.0 lilitoka Mei 2020.

Node.js nayo haikubaki nyuma. Mwaka 2023, toleo lake la 20 lilikuja na mfumo wa ruhusa, kwa majaribio.