Après l'Ondée au L'Heure Bleue? Dada wawili wa Paris

Jamani, juzi shoga yangu kanipigia simu akiwa dukani Dubai. Hela yake ni ya chupa moja tu, na mbele yake kuna Guerlain mbili, zote zanukia poda. Anatafuta ile aliyokuwa akijipaka marehemu mama yake. Jina halikumbuki. Nikamwambia, shoga, usilipe kwanza.

Kuchanganyikiwa kwake nakuelewa, maana hizi ni ndugu wa baba mmoja. Zote alizitunga Jacques Guerlain: Après l'Ondée mwaka 1906, L'Heure Bleue mwaka 1912. Ile poda inatokana na airisi, na hapa wengi hukosea wakidhani ni ua. Sio ua, ni tunguu lake, linalokaa chini ya udongo kama tangawizi. Kule Toscana, Italia, hulichimba, wakalimenya na kulikausha, halafu wakaliweka miaka mitatu hivi ndipo harufu ikomae. Ndiyo maana bei yake haishikiki! Mwaka 1893 wanakemia wawili wa Kijerumani, Tiemann na Krüger, wakiichunguza harufu ya tunguu hilo, waliishia kutengeneza ayononi, inayonukia maua ya vayoleti. Tangu hapo watunzi wa manukato wakawa na vayoleti ya maabara ya kuchanganya na airisi.

Sasa tofauti. Après l'Ondée maana yake ni baada ya manyunyu, na kweli ni nyepesi: vayoleti, ubaridi, majani yaliyolowa. Haikai sana. L'Heure Bleue ni ile saa jua limeshazama na nyota bado. Hiyo nzito, ina karnesheni na vanila, inaanza na poda na kumalizia na utamu kama wa keki. Mimi binafsi naipenda ya kwanza, lakini haikuwa zamu yangu kuchagua.

Nikamuuliza, kizibo cha chupa ya mama kilikuwaje? Kimya. Halafu: “Kilikuwa na moyo, ila umepinduliwa.”

Basi, hiyo ni chupa ya L'Heure Bleue. Mitsouko ya 1919 nayo ilivalishwa chupa hiyohiyo, lakini yenyewe ni pichi na magome ya msituni, poda hakuna. Nikamwambia ajipulizie mkononi, azunguke dukani nusu saa, asinuse haraka. Nikamtahadharisha pia kwamba manukato ya zamani yamebadilishwa mchanganyiko mara kadhaa, kwa sababu baadhi ya malighafi zimewekewa masharti. Asitegemee kumkuta mama kama alivyomwacha.

Baada ya nusu saa simu ikaita. Sauti ilikuwa imekwama kooni.

“Ni yeye,” akasema. “Ila amekonda.”

Akalipa.