Zuzu na Hongo: Maneno Mawili ya Ugogo

Treni ya Reli ya Kati ikishaondoka Dodoma kuelekea magharibi hupita mahali paitwapo Zuzu. Sisi watu wa visiwani tukilisikia jina hilo hutabasamu, kwani kwetu zuzu ni mtu mjinga, asiyejua la mbele wala la nyuma. Kule ni jina la mahali tu, na siku hizi Zuzu ni sehemu ya Jiji la Dodoma, lililopewa hadhi hiyo mwaka 2018. Wenyeji wake hawana habari ya kicheko chetu.

Lipo neno la pili ambalo pwani imelihusisha na Ugogo kwa muda mrefu zaidi, nalo ni hongo. Leo hongo ni rushwa, fedha ipitayo chini ya meza. Katika karne ya 19 hongo ilikuwa ushuru uliotolewa mchana kweupe, misafara ya biashara ilipopita katika nchi ya mtemi. Hapana mahali palipolalamikiwa kwa hongo kama Ugogo. Burton na Speke waliilipa katika safari yao iliyoanza mwaka 1857. Stanley naye aliilipa mwaka 1871. Na wafanyabiashara wetu wa Unguja na Bagamoyo waliilipa kabla yao na baada yao. Kutokana na malalamiko hayo Mgogo akaandikwa vitabuni kuwa mtu mwenye tamaa. Makala haya yanauliza swali moja: je, msafiri yule alikuwa akilipia nini?

Jibu limo katika ardhi yenyewe. Ugogo iko juu ya uwanda wa katikati ya Tanzania, mbali na bahari, na mji wa Dodoma umekaa kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Nchi ni tambarare pana iliyochomoza vilima vya mawe, yenye mibuyu na miti ya miiba, na upande wa magharibi hushuka hadi kwenye bonde la Bahi. Sisi tuna masika na vuli, na Unguja hupata mvua zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka. Dodoma hupata kati ya milimita 500 na 600, nayo huja kwa msimu mmoja tu, baina ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki ni upepo na vumbi. Kwa hiyo Mgogo alipanda uwele na mtama, akafuga ng'ombe, akajenga tembe yenye paa bapa la udongo, nyumba ambayo mvua zetu za masika zingeiyeyusha kwa wiki moja.

Msafara uliotoka pwani, ukishapita Mpwapwa, ulikabiliwa na Marenga Mkali, nyika isiyo na maji iliyovukwa kwa mwendo wa haraka. Wapagazi walioiacha nyika hiyo waliingia Ugogo wakiwa na kiu, nao walikuwa mamia, na pengine zaidi ya elfu katika msafara mmoja. Waliyakuta maji katika visima vilivyochimbwa kwa mikono, mara nyingi ndani ya mchanga wa mito iliyokauka. Mwenye kisima alikuwa na ng'ombe wake wa kunywesha na miezi kadhaa ya kiangazi mbele yake. Merikani, kaniki, shanga na waya wa shaba alizotoa mkuu wa msafara zilikuwa, kwa sehemu kubwa, bei ya maji na ya chakula kilicholimwa kwa shida. Kwamba wapo watemi waliozidisha, hilo halikanushiki. Mfanyabiashara gani wa pwani hakuzidisha?

Lakini maji hayakuwa mali ya kawaida, na hapa ndipo dini inapoingia. Ugogo haikuwa na mfalme mmoja. Ilikuwa nchi nyingi ndogo, kila moja na mtemi wake, na kazi ya kwanza ya mtemi ilikuwa kuhifadhi mawe ya mvua na kusimamia matambiko. Mungu alijulikana, akiitwa Mulungu, ila maombi yalipitishwa kwa wazee waliotangulia, makaburini, kwa mnyama mweusi afananaye na wingu linalotarajiwa. Mtemi ambaye mvua ilimkataa alikuwa mtemi wa mashaka. Basi yule aliyedai hongo ndiye aliyebeba dhamana ya mvua mbele ya watu wake. Msafiri aliona mtoza ushuru. Wenyeji waliona mlinzi wa maji ya nchi.

Peter Rigby, mtaalamu aliyeishi Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960, ameeleza tambiko lililofanywa nchi ilipopatwa na baa. Wanawake walivaa mavazi ya wanaume, wakachukua silaha zao, wakaenda kuchunga ng'ombe, kisha wakacheza ngoma hadi mpakani, upande wa magharibi, na kuitupa nuksi huko. Dunia ikipinduka, huponywa kwa kupinduliwa tena. Msomaji wa pwani asifanye haraka kushangaa. Katika sala yetu ya kuomba mvua, imamu huipindua nguo yake, upande wa kulia ukawa wa kushoto, kwa kufuata sunna, akitaraji kwamba Mola ataibadilisha hali. Itikadi ni mbalimbali, wala sisemi kuwa ni jambo moja. Nasema tu kwamba kiu imewafundisha wanadamu ishara zinazofanana.

Hongo ilikoma Wajerumani walipoishika njia ya misafara, na reli ikafika Dodoma mwaka 1910. Lakini kiu haikukoma. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia majeshi yalichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo. Kisha mvua ikakosekana. Njaa iliyofuata, baina ya mwaka 1917 na 1920, Wagogo waliiita Mtunya, na makadirio yanayotajwa sana ni kuwa iliua watu 30,000. Safari hii waliopita na kuchukua hawakulipa hongo.

Dini mpya nazo zilikuja kwa njia ile ile. Uislamu ulifuatana na misafara. Wamisionari wa Kianglikana walifika Mpwapwa katika miaka ya 1870. Mwaka 1955 Yohana Omari akawa Mwafrika wa kwanza kuwekwa askofu wa Kianglikana katika Tanganyika, na majina yake mawili yanatosha kuonyesha jinsi imani zilivyokutana katika nchi ile. Misikiti na makanisa yote yamewahi kuulizwa swali la watemi wa kale: je, mvua itakuja?

Na njia hiyo ilipitisha kitu kingine ambacho wapenzi wa ushairi hawana budi kukikumbuka. Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa mwaka 1917, alijifunza bahari za ushairi wetu, akazitumia kutunga Utenzi wa Enjili Takatifu na Utenzi wa Zaburi, na akaieneza ngonjera hadi ikaingia katika kila shule ya Tanzania. Kabla ya hapo, mwaka 1954, alikwisha kuchapisha kwa Kiswahili historia, mila na desturi za watu wake. Alifariki mwaka 1969. Utenzi ulipanda bara pamoja na merikani na shanga, lakini nguo zimechakaa na shanga zimepotea, na tenzi zingali zinasomwa.

Basi tukikutana na neno hongo katika habari za misafara ya kale, tulisome kwa maana yake ya wakati ule, na tukumbuke kisima kilichokuwa nyuma yake. Na treni ikisimama Zuzu, tujiulize ni nani hasa aliyekuwa hajui.