Jinsi ya kuchagua jiko la kuchomea nyama kwa ua mdogo

Nyumba za kukodisha mijini zimemeza nyua. Familia ambayo zamani ingewasha moto chini ya mti na kuegemeza mbavu za mbuzi kwenye vijiti sasa ina kibaraza cha mita mbili kwa tatu, kamba ya kuanikia nguo na ukuta wa jirani ulio karibu kiasi cha kuguswa kwa mkono. Hamu ya nyama choma, hata hivyo, haijapungua, na mafundi wa jua kali pamoja na maduka makubwa wanaishibisha kwa majiko ya kila umbo.

Wanunuzi wengi huanza kwa kuuliza bei, kisha ukubwa wa wavu. Yote mawili ni muhimu, lakini palipo na nafasi finyu kuna swali linalotangulia: je, hewa chafu, joto na majivu ya jiko hilo yataelekea wapi?

Swali hilo si la usafi tu. Makaa yanapoungua hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Gesi hiyo hushikamana na chembechembe nyekundu za damu kwa nguvu inayoipita ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200, hivi kwamba anayeivuta hukosa hewa mwilini ilhali anaendelea kupumua. Humu nchini, msimu wa baridi wa Juni hadi Agosti umezoeleka kuja na habari za watu waliolala na jiko ndani ya chumba wasiamke. Kosa la wengi ni kudhani kuwa hatari iko katika moshi. Makaa yaliyokolea na kuwa mekundu hayatoi moshi wa kuonekana, ila gesi hiyo hutoka tele, na huendelea kutoka hata jivu likishayafunika.

Kwa sababu hiyo, roshani iliyozibwa kwa vioo haina tofauti na chumba, na jiko la makaa halifai kuwashwa humo, liwe la bei gani. Vivyo hivyo kwa gereji na kwa ukumbi wa ngazi. Kishawishi huwa kikubwa wakati wa mvua za Machi hadi Mei, wageni wanapokuwa wamefika na nyama iko nusu mbichi. Afadhali kuimalizia jikoni katika sufuria kuliko kuliingiza jiko sebuleni.

Palipo na uwazi, hatua inayofuata ni kupima. Vikosi vingi vya zimamoto nchini Marekani hupendekeza mita tatu kati ya jiko na nyumba. Katika ploti nyingi za Nairobi au Mombasa kipimo hicho hakipatikani, kwa kuwa ua wote hautimizi mita tatu. Hapo inambidi mwenye jiko aangalie kilicho karibu nalo. Ukuta wa mawe matupu hustahimili joto. Mabomba ya plastiki ya maji ya mvua huyeyuka, dari ya mbao iliyo juu ya kibaraza hushika moto, nazo nguo zilizoanikwa hupeperushiwa cheche. Mtungi wa gesi ya kupikia uliowekwa nje ya dirisha la jikoni usiwe jirani wa jiko kabisa. Aghalabu watu hukagua pembeni wakasahau kutazama juu.

Upepo nao una kauli yake. Katika pwani, kusi huvuma kutoka kusini-mashariki takriban Aprili hadi Oktoba, kisha kaskazi hushika zamu kutoka kaskazini-mashariki hadi Machi. Mahali ambapo mwezi wa Julai moshi ulikuwa ukienda zake bila kumsumbua mtu, huenda Januari ukaingia moja kwa moja katika chumba cha jirani. Jiko jepesi linaloweza kuhamishwa, basi, lina thamani kuliko lile la matofali lililojengwa pembeni mwa ua likabaki hapo.

Wakazi wa maghorofa wana jambo la ziada. Paa ambalo kila mtu hupandia kwenda kuanika nguo kwa kawaida si mali ya mpangaji mmoja. Palipo na umiliki wa nyumba mojamoja chini ya sheria ya mwaka 2020 kuhusu vitengo vya majengo, maeneo ya pamoja husimamiwa na shirika la wamiliki wenyewe, na ni busara kuomba idhini kabla ya kupandisha jiko huko. Mpangaji wa kawaida naye na ausome mkataba wake, au amuulize mwenye nyumba waziwazi. Jiko lililonunuliwa kisha likakatazwa ni hasara.

Baada ya hayo ndipo majiko yenyewe yaje.

La bei nafuu zaidi lingali jiko la bati lenye kiuno chembamba na utumbo wa udongo wa kuchomwa, lile ambalo lilienea nchini tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kuigwa kutoka jiko la ndoo la Thailand. Likiwekewa wavu juu linatosha kwa mishikaki, mahindi au samaki mmoja. Udongo hulihifadhi joto, hivyo makaa machache yanafanya kazi kubwa. Kasoro yake ni kwamba joto lote liko katikati na wavu uko karibu mno na moto. Pande kubwa la nyama litaungua nje huku ndani likibaki bichi. Anayetaka mguu mzima wa mbuzi atafute kwingine.

Jiko linalopendwa na mafundi ni nusu pipa, yaani pipa la mafuta la lita 200 lililopasuliwa kwa urefu, likalazwa na kutiwa miguu. Kwa sherehe halina mfano. Kwa ua mdogo ni mzigo. Pipa hilo lina urefu wa takriban sentimita 88 na upana wa sentimita 58, na likilazwa linachukua karibu nusu mita mraba kabla ya kuhesabu miguu, kifuniko kinachofungukia nyuma na mahali pa mchomaji kusimama. Isitoshe, lina tumbo kubwa. Kuchoma kilo mbili za nyama humo ni sawa na kuchemshia kikombe cha chai katika sufuria ya harusi. Tangu serikali ilipositisha ukataji wa miti katika misitu ya umma mnamo Februari 2018, makaa yamekuwa bidhaa ya kuhesabiwa, na jiko lenye kula mengi hulipiwa kila wikendi.

Ajabu ni kwamba pipa lilo hilo likisimamishwa wima hugeuka kuwa jiko la nafasi ndogo. Hapo linahitaji duara la sentimita 58 tu, karibu nusu ya eneo la awali. Moto hukaa chini ndani ya kikapu cha chuma, nyama hutandazwa juu ya wavu ulio karibu na mdomo au huning'inizwa kwa kulabu, na kifuniko hufungwa. Matundu matatu au manne karibu na sakafu huingiza hewa, na jingine kwenye kifuniko huitoa. Kwa kuziba na kuzibua matundu ya chini, mchomaji huweza kuliweka joto kati ya nyuzi 110 na 130 za Selsiasi kwa saa nyingi, mbavu zikaiva polepole kwa joto na moshi. Kwa vile hewa ni ya kupimwa, kilo mbili au tatu za makaa hudumu saa kadhaa. Moshi wenyewe hupatikana kwa kutupia vipande vichache vya mti mkavu kama mpera au mchungwa. Msonobari haufai kwa sababu ya utomvu wake, na mbao zilizotiwa dawa ya mchwa ni sumu.

Wapo wanaoshikilia kwamba nyama iliyofunikwa si choma bali ni ya kuoka. Hoja yao haikosi mashiko, maana ule ukavu wa nje unaoliwa kwa chumvi na kachumbari hupatikana kwa moto wa wazi. Lakini Kiswahili kina kitenzi cha kubanika tangu enzi, na nyama ya kubanikwa haikuwahi kuharakishwa.

Anayetaka pipa azingatie asili yake. Lililobeba dawa za kilimo au kemikali za kiwandani lisinunuliwe hata likiwa limeng'arishwa. Lililobeba mafuta lisikatwe kwa mashine ya cheche au kuchomelewa kabla ya kuoshwa kabisa, kwani mvuke uliosalia ndani huweza kulipuka. Kazi hiyo aachiwe fundi anayeijua. Mengi yana rangi au utando ndani, ambao sharti uunguzwe kwa moto mkali na kukwanguliwa kabla ya nyama ya kwanza. Chuma kilichopakwa zinki, kile cha mabati ya paa, kisitumike mahali moto unapogusa, kwa kuwa zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 na ikizidi kupata moto hutoa mvuke unaodhuru mapafu.

Kati ya hizo mbili kuna jiko la duara lenye kifuniko, mfano wa nungu mbili zilizofunikana. Lilibuniwa mwaka 1952 na George Stephen, mfanyakazi wa kiwanda cha Weber Brothers cha Chicago kilichokuwa kikitengeneza maboya ya vyuma, alipokata boya katikati na kulitia miguu. Siri yake ni kifuniko na matundu mawili ya hewa. Makaa husukumwa upande mmoja, nyama ikakaa upande wa pili, na mafuta yanayodondoka hayawashi miali. Kwa ua mdogo hii ndiyo faida kubwa: miali hupungua, cheche hazirushwi, na moto huzimwa kwa kuziba hewa, makaa yaliyosalia yakangoja siku nyingine. Kuhusu ukubwa, tofauti ndogo ya upana huficha tofauti kubwa ya eneo. Wavu wa sentimita 57 una nafasi karibu mara moja na nusu ya ule wa sentimita 47. Familia ya watu watano au sita itaridhika na huo mdogo.

Mafundi wa humu nchini huyaiga majiko hayo, na mengine ni mazuri. La kuulizwa ni unene wa chuma. Mafundi huutaja kwa geji, na kadiri nambari inavyopungua ndivyo chuma kinavyozidi unene. Geji ya 16 ni kama milimita 1.5, na chini ya hapo kwa unene jiko hupinda na kifuniko kikaacha kukaa sawasawa. Katika pwani, ambako hewa ina chumvi, chuma kitupu huliwa na kutu upesi, hivyo kilichopakwa enameli au chuma kisichoshika kutu kinastahili bei yake.

Majiko ya gesi hayana majivu na huwaka mara moja. Lakini gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, nayo ikivuja hutambaa sakafuni na kujikusanya mahali pa chini, kama ua ulioshuka kuliko barabara au shimo la maji taka. Yanahitaji uwazi kama ya makaa.

Kwa roshani iliyozibwa, linalobaki ni jiko la umeme. Soketi ya kawaida ya ampea 13 haibebi zaidi ya wati 3,000 hivi, kwa hiyo lisiunganishwe kwa waya wa kurefushia pamoja na friji na pasi. Ladha ya moshi haipo, na madirisha bado yafunguliwe kwa ajili ya mvuke wa mafuta.

Vifaa vya kandoni visichukue nafasi ya jiko. Mkebe wa mafuta ya kupikia uliotobolewa chini na kujazwa makaa juu ya karatasi inayowaka huyakoleza bila mafuta ya taa, ambayo huacha harufu katika nyama. Kipimajoto cha kuchoma ndani ya nyama huondoa kubahatisha: kuku ni nyuzi 74, nyama ya kusaga 71. Na ndoo moja ya chuma yenye kifuniko iwepo kwa ajili ya majivu, ikae juu ya saruji kwa siku mbili kabla ya kumwagwa, kwa kuwa kaa lililojificha ndani ya jivu huweza kuyeyusha pipa la plastiki la taka hata keshoye.